Msalaba Wenye Jina la Mama

Msalaba wa mama yangu ulifika nyumbani kabla ya mama mwenyewe. Uliletwa na bodaboda kutoka mjini, umeviringishwa viroba na kufungwa kwa mpira nyuma ya dereva, mikono yake imechomoza kulia na kushoto, na kila mwenye baiskeli aliyekutana nao njiani ilibidi ashuke majanini. Dereva aliuegemeza ukutani, akanipa pole ya msiba, akageuza pikipiki. Nilibaki nimesimama na ungo wa mchele mkononi nikijiuliza pole ya msiba gani, maana mama alikuwa bado hospitali na alikuwa anapumua.

Aliyeuagiza ni mjomba. Mjomba wangu, kaka yake mama, anakaa Igalula karibu na stesheni, na katika ukoo wetu yeye ndiye mtu wa misiba: anajua nani aitwe, nani alale wapi, ng'ombe apatikane kwa nani. Asubuhi ile nilimwambia kwa simu kwamba madaktari wametushauri tumrudishe mama nyumbani. Kwetu maneno hayo yana tafsiri moja tu, na mjomba hakungoja nyingine. Aliogopa kitu kimoja: dada yake asije akazikwa na vipande viwili vya ubao vilivyofungwa kwa waya, kama ilivyowahi kutokea kwa baba yangu. Katika mazishi ya kwetu, msalaba ndio unaotangulia mbele ya jeneza, na watu huutazama kuliko wanavyomtazama padre. Kwa hiyo alimpigia fundi mapema, akataka mninga, akataka herufi za kuchonga, siyo za rangi.

Fundi ni mzee wa Kiislamu wa pale mjini, wa ukoo uliochonga milango na vitanda tangu enzi za misafara. Siku hizi milango watu wananunua ya chuma, na kazi isiyokauka kwake ni misalaba ya Wakristo. Alikuwa na mkono mzuri, hilo siwezi kumnyima. Nilipofungua viroba niliona majina matatu ya mama yamekaa sawasawa, chini yake neno "Alizaliwa" na mwaka, na chini zaidi neno "Alifariki". Mbele ya neno hilo hapakuwa na kitu. Alikuwa amepasugua pale kwa msasa, pakawa laini, pakingoja.

Niliufunika haraka. Neno lililonijia ni uchuro, na mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha watoto sayansi.

Mama aliletwa jioni, na watu walishajaa uani, na turubai limeshafungwa. Alilala siku kadhaa bila kusema, sisi tukimlowanisha midomo kwa pamba. Halafu asubuhi moja, katekista akiwa katikati ya sala, mama akafumbua macho, akasikiliza kelele za uani, akaniuliza watu wote hawa wanakula nini. Katekista alifunga kitabu bila kusema amina. Mama akaomba uji.

Kumfurahia mtu aliyepona ni kitu chepesi, lakini watu waliokuja kuzika hawajui waondokeje. Waliaga mmojammoja, kwa aibu, wengine wakizunguka nyuma ya nyumba. Turubai lilikunjwa. Wengine, nilikuja kujua baadaye, waliondoka na swali: mtu aliyekuwa amekwisha, amerudije? Siku ile sikulisikia swali hilo. Nilikuwa nachochea uji.

Msalaba niliuficha stoo, nyuma ya magunia ya mahindi, nikampigia fundi nimwombe auchukue.

"Mwalimu," alisema, "jeneza na msalaba havirudi kwa fundi. Huo una jina la mtu. Nitauweka wapi?"

"Si uuchonge upya, uondoe jina."

"Nimechonga mingi," akasema. "Hakuna hata mmoja uliokaa bila mtu wake. Huo usiniletee, mwanangu, nakuomba kwa heshima."

Nilikasirika, nikamwambia hayo ni mambo ya watu wa zamani. Lakini tangu siku hiyo nilipoingia stoo niliacha mlango wazi.

Mama aliuona mwenyewe. Alipopata nguvu za kutembea kwa kushika ukuta alikwenda kutafuta mbegu za karanga, na nikasikia kimya ambacho sikukipenda. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, msalaba magotini, anapitisha kidole kwenye herufi.

"Nani kanichongea?"

"Mjomba."

"Herufi nzuri," alisema. Akafikisha kidole pale palipo wazi, akakiacha hapo muda mrefu. "Huyu kaka yangu, hata kufa anataka kuniharakisha."

Yeye alicheka. Mimi sikuweza.

Habari ilifika Nzega, kwa mama mdogo, naye akapanda basi siku iliyofuata. Mama mdogo huenda kanisani Jumapili na siku nyingine hufuata mambo ya bibi zake, na haoni kama kuna ugomvi. Alikaa chini, akavua viatu, akasema jambo lililomleta. Kaburi likichimbwa na mtu asife, haliachwi wazi. Huzikwa mgomba, ili udongo upate ulichoahidiwa. Msalaba ni vilevile. Tukate mgomba, tuuvike kanga ya mama, tuuzike, tusimike msalaba juu yake, na mauti yakija yatakuta kazi imeshafanyika. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza dawa ya kikohozi. Nami, Mungu anajua, nilikuwa nimeshaanza kufikiria mgomba wa nani.

Mama alimwacha amalize. "Kwa hiyo tuyadanganye mauti," alisema.

"Siyo kuyadanganya, dada. Kuyapa kitu."

"Mgomba."

"Ndiyo, mgomba."

"Msalabani alikufa mtu," mama alisema. "Mtu kabisa, damu ikatoka, mama yake akiwa amesimama pale. Kama mgomba ungetosha, ungekatwa mgomba. Sasa wewe unataka nimsimike Bwana juu ya shina la ndizi?"

Mama mdogo akaanza kuvaa viatu vyake. Mama akaniambia nilete nyundo na msumari, tuutundike chumbani kwake, juu ya kitanda.

Basi ukakaa hapo, na ndipo nilipojua kwamba maisha yangu yote sikuwahi kuuona msalaba. Nimeuona shingoni kwa watu, nyuma ya malori, kwenye kalenda, juu ya altare umepakwa rangi ya dhahabu. Tumeuzoea, kama tulivyozoea picha ya rais ukutani. Huu mmoja haukuzoeleka. Kila nilipoingia kumpa mama dawa ulikuwa pale, umemwinamia, na jina lake na nafasi yake iliyo wazi. Niligundua kitu ambacho nimekiimba tangu utotoni bila kukisikia: kwamba ule ni mti wa kuulia mtu, na wa kwanza nao ulikuwa na kibao cha jina la yule uliyemngoja. Mama alisali chini yake asubuhi na jioni na akanenepa. Mimi nilikonda.

Mvua zilipokolea, tumbaku ikaanza kuvunwa, na vibarua wakaja kama kila mwaka, wengi kutoka upande wa Kigoma. Jirani yetu alikuwa na bani, kibanda kirefu cha kukaushia tumbaku, na kijana mmoja akawa analala hapo kuchunga moto. Mama aliijua kazi hiyo. Yeye mwenyewe alichochea moto wa bani miaka na miaka baada ya baba kufa, ndiyo maana macho yake ni mekundu hadi leo. Nawaomba msomao muyakumbuke macho hayo. Kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu anatembea na hatari usoni mwake, na hakuna daktari wa macho atakayemsaidia siku watu wakishaamua yanatokana na nini.

Kijana yule hakuwa msemaji. Alikuwa na msalaba mdogo wa plastiki shingoni, kwenye uzi wa kiatu, na alijibu salamu zetu kwa kuinamisha kichwa kama mtu aliyelelewa vizuri. Jirani alimwita kwa jina la utani, na wenzake walikuwa wamegawanyika mashamba mengine. Alipougua homa jirani alimletea vidonge vya dukani, akasema ni malaria, itapita. Mama alisikia anakohoa. Akapika uji wa ulezi, akajikokota nao hadi bani, akamnywesha kwa mkono wake. Alifanya hivyo siku mbili. Siku ya pili kijana alikunywa nusu kikombe, akasema mtamu, ila hawezi kumaliza. Jioni ile tukampakia kwenye gari la jirani kumkimbiza hospitali, na hakufika.

Simu yake ilikuwa na namba ya siri, kisha ikazima. Jirani alitangaza kwenye mashamba, kanisani, kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakuna aliyejitokeza kumjua. Katekista akasema kwa kuwa alivaa msalaba atamzika. Walichagua mahali kando ya njia ya zamani, ile iliyopitwa na wapagazi wa meno ya tembo wakielekea pwani. Ukilima pale jembe hutoa shanga, na mara nyingine mfupa, na mkulima huufunika, akasogea mbele kidogo. Wapagazi walikufa njiani hapo na waliachwa hapo. Hakuna anayejua hata mmoja aliitwaje.

Tulipokuwa tunajiandaa kwenda mazishini mama alinyoosha mkono juu ya kitanda chake.

"Ushushe," aliniambia.

"Mama, una jina lako."

"Najua kusoma."

"Tumwambie fundi alifute basi. Tuombe wazike kesho."

"Njia ile ina watu wasio na majina wa kutosha," alisema. "Huyu hana jina, mimi ninalo. Atalala na langu mpaka apatikane mwenye kujua lake. Kwani mimi nikisema nimeokolewa, si ni kwa jina la mwingine? Sikulizaa mimi lile jina. Nilipewa."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilimwambia watu watasema. Aliniangalia kama anavyowaangalia kuku wanapoingia jikoni, akasema watu huwa wanasema, ushushe.

Kwa hiyo kijana wa watu alizikwa chini ya majina matatu ya mama yangu. Fundi alikuja mwenyewe kutoka mjini na patasi zake ndani ya mfuko, maana mama alitaka ile nafasi ijazwe tarehe ya siku kijana alipokufa. Alichonga amechuchumaa kaburini, hakuongea na mtu. Alipomaliza alipuliza vumbi la mbao, akamtazama mama akiwa hai amesimama upande wa pili wa udongo, akasema kwa Kiarabu maneno ya kujikinga.

Nilihisi nini? Nilihisi kifua kimefunguka. Niseme kama ilivyokuwa: nilishukuru. Msalaba umepata mtu, na siye mama. Mtoto wa mwanamke fulani amelala pale, na mimi nikarudi nyumbani nikala ugali, nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu bodaboda ile ije. Ni wiki zilizofuata ndizo zilizonionyesha kwamba mtaa mzima ulikuwa umefikiri kama mimi, ila wao hawakuishia kwenye shukrani.

Mambo yalianza kwenye sufuria. Palikuwa na msiba mtaani, mama akaenda na kisu chake kama wanawake wote kumenya viazi. Mwanamke mmoja akakichukua kisu kile kwa upole, akamwambia bibi, wewe kapumzike, wewe mgonjwa. Wakampa kiti mbali na mafiga. Kisha watoto waliokuwa wanapita kuomba karanga wakaacha kupita. Kisha jirani, yule mwenye bani, ambaye kwa miaka alikunywa maji kwenye mtungi wetu, akaanza kusema ameshiba.

Mwenzangu shuleni ndiye aliyenieleza, amesimama mlangoni ili aweze kuondoka. Mama alikuwa amekwisha, akarudi. Msalaba wake ulikuwa tayari. Akalala chini yake miezi, akiusemesha asubuhi na jioni. Akampelekea uji kijana asiye na ndugu. Akamnywesha kwa mkono wake. Kijana akafa, akazikwa kwa jina lake. "Watu wanasema," mwenzangu aliniambia bila kunitazama, "alikufa badala yake." Na mtu mmoja alikwenda kwa mganga, ramli ikapigwa, na ramli haikukataa.

Sihitaji kueleza kwa watu wa kwetu maana ya hilo. Tunajua vikongwe waliokatwa mapanga milangoni mwao, na wauaji hawakujulikana, na mazishi yakawa na watu wachache. Niliacha kumruhusu mama akae uani jua likizama. Nilinunua kufuli ya pili.

Ijumaa Kuu tulikwenda kanisani pamoja. Padre alisimama mbele ya msalaba ulioinuliwa, akatamka maneno yaleyale: alikufa badala yetu. Kanisa zima likainamisha vichwa. Nilikaa nimeganda. Maneno ambayo sokoni yalikuwa yanamwandalia mama yangu panga, humu ndani yalikuwa wokovu, na watu waliokuwa wanayasema huko na huku ni walewale. Nilitaka kusimama nipige kelele. Niliwaza pia jambo ambalo sijaliweza hadi leo, kwamba pengine wao ndio waliolielewa vizuri, kwamba kuishi kwa sababu mwingine amekufa ni jambo la kutisha, na sisi tumelifanya wimbo. Tulipopanga mstari kuubusu msalaba, mama alipofika aliinama akakaa pale sana, paji la uso kwenye mbao. Nyuma yake mstari ukawa mrefu. Wanawake waliomfuata hawakuweka midomo pale alipoweka yeye. Walibusu upande wa pili.

Nilimsihi tuhamie Igalula kwa mjomba. Mjomba mwenyewe alikuja kumchukua, amejikunyata, anajiona ndiye aliyeleta yote. Mama akamwambia kaka, wewe ulinichongea kitu kizuri, usikisikitikie. Na kuhama akakataa. Akisogea, alisema, watakuwa wamepata jibu lao.

Haikupita muda, asubuhi moja nikafungua mlango kwenda kisimani na mguu wangu ukagonga mbao. Msalaba ulikuwa umelazwa kizingitini, kichwa kimeelekea ndani, una udongo mbichi kwenye mguu. Mtu alikuwa ameung'oa kaburini akaurudisha kwa mwenye jina. Barua yoyote isingesema wazi zaidi.

Nilipiga yowe. Mama akatoka, akauangalia, akaufuta udongo kwa pindo la kanga. Kisha akainama, akaingiza bega chini ya mkono mmoja wa msalaba, akajaribu kusimama. Aliweza mara ya pili. Nilimwambia ni mzito, nitaita mtu mwenye toroli.

"Nani atakuja?" aliuliza.

Akaanza kutembea. Jua lilikuwa limeshatoka, milango yote imefunguliwa, watu wanapiga mswaki, wanafagia, wanawasha mkaa. Aliupitisha msalaba wenye jina lake katikati yao, mguu wa msalaba ukichora mstari mavumbini, na hakuna aliyemsalimu wala kumwambia pole. Mifagio ilisimama. Mimi nilitembea nyuma na jembe, hadi nikaona magoti yake yanakunjika, nikalitupa jembe bega la pili nikaunyanyua ule mguu. Tulipofika tuliuchimbia upya, nikaushindilia kwa mawe. Mama alikaa chini karibu na kijana, akapumua, akasema nyumbani kuna nguo za kufua.

Baada ya hapo nilikuwa nangoja tu. Sikungoja kama itatokea bali lini, na watu waliacha hata kunong'ona, jambo lililonitisha kuliko minong'ono. Tumbaku ikaisha, vibarua wakarudi kwao. Upepo wa kiangazi ukaanza.

Ndipo alipokuja mama wa kijana. Kibarua mmoja aliyerudi upande wa kwao alisimulia habari za kijana mwenye msalaba kwenye uzi wa kiatu, naye akamtambua mwanawe, akapanda treni hadi Tabora, akauliza hadi akatufikia. Alifika adhuhuri na bodaboda, mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha bluu na kikapu, na nyuma yake watu walikuwa wameanza kukusanyika, maana habari ilimtangulia: mama wa kijana amekuja. Wanaume walisimama nje ya ua wetu. Mmoja wao alikuwa na panga la kukatia kuni, na hakuwa na kuni. Nilielewa kwamba neno lolote atakaloamua kulisema mgeni huyu litatosha. Akilia akamnyooshea mama kidole, basi.

Aliomba kwanza apelekwe kaburini, na wote tulikwenda. Alisoma msalaba polepole, akitembeza midomo.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni mimi," mama alisema. "Tulikosa jina lake, nikampa langu. Tarehe ni yake."

Mgeni alitamka jina la mwanawe. Lilikuwa jina fupi, la kawaida, nina wanafunzi wanne wanaoitwa hivyo. Alilitamka kuelekea chini, kama anamwamsha, kisha akalia kilio ambacho sitakieleza. Watu walingoja. Mwenye panga alingoja. Mgeni alipoweza kusema tena alimgeukia mama, akamtazama usoni, kwenye macho yale mekundu, kwa muda ambao mimi niliona ni maisha yangu yote.

"Ni wewe uliyempa mwanangu uji?"

Upepo ulikuwa unapeperusha majani makavu njiani. Nilitaka kujibu mimi, niseme ni mimi niliyempa.

"Ni mimi," mama alisema.

"Alikunywa?"

"Nusu. Alisema mtamu, ila hawezi kumaliza."

Mgeni alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu anayemtambua mwanawe katika maneno hayo. Akajifuta uso.

"Nipikie na mimi," alisema.

Tulirudi. Hakuna aliyeondoka. Mama aliingia jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu augue nilimwona anamwaga unga wa ulezi juu ya mafiga. Mgeni alikaa mkekani katikati ya ua, watu wamemzunguka ukutani, wanaume kwa wanawake. Mama alimletea kikombe, akapiga goti kumpa, yeye mkubwa kwa mdogo. Mgeni alikipokea kwa mikono yote miwili. Alikiinua ili wote wakione, au pengine aliinua tu kwa kuwa kilikuwa cha moto, sijui.

"Namalizia wa mwanangu," alisema.

Alikunywa akipumzika, akakunywa tena, hadi akarudisha kichwa nyuma na tukaona chini ya kikombe. Mwenye panga aliliweka nyuma ya mguu wake. Mgeni akamrudishia mama kikombe, akakishikilia kidogo kabla ya kukiachia.

"Niongeze," alisema, "na wewe ujimiminie, tunywe."